Jina la Mvua, Mti au Upepo: Namna ya Kumwita Pudeli Wako

Mteja wangu mmoja wa Kileleshwa, hapa Nairobi, alimpa pudeli wake, wale mbwa wa nywele za kujikunja, jina la Moshi. Jina lilimkaa vizuri: mbwa wa kijivu, mwepesi, akiingia sebuleni huoni alikopitia. Jioni moja geti liliachwa wazi, Moshi akatoweka. Mama wa watu akasimama kwenye roshani, ghorofa ya tatu, akaita kwa sauti yake yote: "Moshi! Moshi!" Nilipofika na mkoba wangu wa mashine, soja alikuwa anapandisha ngazi na ndoo ya mchanga, na jirani wa ghorofa ya pili anashuka na televisheni kifuani. Moshi mwenyewe alikuwa nyuma ya tangi la maji, amelala.

Tangu siku hiyo, mteja akiniuliza habari ya jina, namwambia: nenda getini uliite kwanza. Liite mara kumi, saa kumi na mbili jioni, watu wakirudi kazini. Ukiona haya mara ya tatu, au watu wakianza kukimbia, tafuta jingine.

Mimi ni kinyozi. Kwa miaka sita nilinyoa watu Kawangware, na huu ni mwaka wa tisa nanyoa mbwa, nyumba hadi nyumba. Pudeli ndio ugali wangu. Mbwa wengine humwaga manyoya zuliani, lakini nywele za pudeli hazikomi kukua, zinajikunja na kusokotana, kwa hiyo kila baada ya wiki nne hadi sita mwenye mbwa hana budi kunipigia simu. Daftari langu lina majina mengi kuliko rejista ya darasa, na mengi ni ya mvua, miti, maua na wanyama. Mengine ni mazuri. Mengine nayaandika nikiwa nimeuma mdomo.

Kosa kubwa ni kukimbilia rangi. Mtoto wa pudeli haaminiki rangi. Yule wa fedha huzaliwa mweusi tititi, kisha hubadilika kidogo kidogo, na huenda ikafika miaka miwili kabla rangi yake haijatulia. Wa kahawia wengi hupauka wakawa kama chai iliyozidi maziwa. Wa rangi ya aprikoti, ile ya chungwa hafifu, hufifia kuelekea krimu. Ninaye mmoja Lavington aliyeitwa Makaa akiwa na wiki nane. Leo Makaa ni wa kijivu cheupe kabisa. Mwenyewe hana habari, anasema makaa hatima yake ni majivu. Sawa, yeye ana ucheshi. Lakini yule aliyeuziwa Tangawizi kwa bei ya juu kwa sababu ya wekundu wake, na sasa ana mbwa wa rangi ya uji, hacheki.

Kama ni lazima jina lifuate rangi, subiri kunyolewa kwa mara ya kwanza. Nywele za usoni na za vidoleni zikipunguzwa, za chini hutoboa siri kabla ya zile za mgongoni. Au uliza wazazi wake walikuwa na rangi gani walipokomaa.

Weupe nao wana shida yao: karibu wote wanaitwa Pamba au Theluji. Pamba ninao wanne. Nikifika msitu wa Karura siku ya Jumapili nikasema "Pamba" kwa sauti ya kawaida, vichwa vinageuka. Theluji siielewi, sisi theluji yetu ni ile ya kilele cha Mlima Kenya, asubuhi ambayo mawingu yameturuhusu kuiona. Mbona mbwa mweupe asiitwe Tui? Neno fupi, jeupe, na linatoka mtini. Au Povu, maana pudeli aliyetoka kuoshwa ni povu tupu. Akiwa wa kubweka kila boda boda ikipita, jina litakuwa limemfaa mara mbili.

Hapo sasa nimefika ninapopapenda. Watu humwona pudeli na vifundo vyake vya nywele wakadhani ni mbwa wa mtungi wa maua. Wanamwita Waridi, wanamwita Yungiyungi. Pudeli ni mbwa wa maji. Jina lake limetoka Ujerumani, katika neno la kurukaruka na kutapanya maji. Wafaransa, wanaohesabu kwamba mbwa huyu ni wao, wanamwita Caniche, na ndani ya neno hilo kuna bata jike, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujitosa majini amletee mwindaji bata aliyeanguka. Hata mtindo ule wa kumnyoa unaowachekesha watu, katika kazi yetu tunafundishwa kwamba ulianza kwa sababu ya maji: wakamnyoa nyuma aogelee bila uzito, wakamwachia nywele kifuani na kwenye viungo zimkinge baridi.

Kwa hiyo anza majini. Wimbi. Kijito. Dimbwi. Chaza. Ngisi, kwa mweusi mwembamba anayeteleza mikononi ukimwosha. Mji wetu wenyewe umeitwa kwa maji: Wamaasai waliita mahali hapa Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na Enkare pekee, maji, ni jina ambalo sijawahi kuliandika katika daftari, atakayeliwahi ni lake. Bata ningelipendekeza kwa sababu ya Wafaransa hao, ila Nairobi ukiita Bata watu wanatazama viatu.

Kimo pia kina lake la kusema. Kwa vipimo vya Marekani, pudeli mdogo kabisa hazidi sentimita 25 begani, na mkubwa huanzia pale juu ya sentimita 38. Wa kwanza mwite Omena, yaani dagaa, hatanung'unika. Wa pili, hasa mweusi asiyeweza kupita karibu na maji bila kuingia, mwite Kiboko. Kumwita mdogo Tembo ni mzaha unaochekesha siku mbili. Na Simba niachieni; kila ploti ina Simba wake, na nusu yao ni waoga.

Babu yangu alikuwa mvuvi Kilifi, na kwake upepo ulikuwa na majina kama watu. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Desemba mpaka Machi hivi, bahari ikiwa tulivu na jua kali. Kusi huja baada ya hapo, kuanzia Aprili mpaka karibu Septemba, na bahari huchafuka, wenye vyombo vidogo wakakaa pwani kushona nyavu. Matlai ni upepo wa alfajiri kutoka mashariki. Nikipewa mtoto wa pudeli anayevunja vikombe, nasema huyu ni Kusi. Mmoja nimeshampa mimi mwenyewe, yuko South B, na jina halijamwongopea.

Kusi lina sifa nyingine: linasikika mbali. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiita mbwa aliye mita hamsini, hiyo ndiyo inayomfikia. Nyingine hubaki njiani. KU-si, WI-mbi, TU-i. Silabi mbili zatosha, tatu ni mwisho. Mteja alitaka Kifabakazi, ule mti wa maua mekundu yanayowaka kando ya barabara zetu. Mti mzuri. Nikamwambia ajaribu kuuita mbwa akiwa anavuka barabara. Tulipofika "Kifaba" tukaachana na habari hiyo.

Angalia pia jina lisigongane na amri. Kaa ni mnyama mzuri wa ufuoni, tena anatembea kwa madaha, lakini mbwa anayeitwa Kaa atakaa kila ukimwita, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Njugu iko karibu mno na "njoo". Na hesabu midomo yote ya nyumbani: mwenye nyumba anaamuru kwa Kiingereza, dada wa kazi kwa Kiswahili, nyanya akija kutoka kijijini ana lugha yake. Ndiye dada anayekaa na mbwa mchana kutwa. Jina asiloweza kulitamka litageuzwa ifikapo Jumatano, na mbwa atafuata la dada, si la kwenye kadi.

Jambo la watu sasa, na hili usilipuuze. Kwetu kumpa mbwa jina la mtu ni tusi, hata kama hukukusudia, na majina ya maumbile yamejaa watu. Waridi ni mtu. Lulu ni mtu, Yasmini, Marjani, Zuhura. Ukikimbilia lugha ya mama ndipo unapozama: mvua ukiipeleka kwa Waluo umepata Okoth na Akoth, kwa Waluhya ni Wafula na Nafula, kwa Wakamba yuko Mumbua. Mteja wangu alimpata mbwa wake jike wakati wa masika, akamwita Nafula. Kuta za nyumba zile ni nyembamba. Mwezi wa pili akahamia jirani mpya, mke wa mtu, Nafula. Fikiria Jumamosi asubuhi sauti ya kiume inapenya ukutani: "Nafula, shuka kitandani!" Mbwa yule sasa anaitwa Ndizi. Hata Ukungu, ukilifupisha, linakaribia kuwa Kung'u, jina la Mkikuyu, na landilodi wako huenda ndiye huyo.

Kisha kuna sarufi, ambayo ni raha yangu ya siri. Mbwa ni wa a-wa, haijalishi umempa jina gani. Mvua imenyesha, lakini Mvua amelala. Umande umekauka, lakini Umande amekojoa kwenye viatu. Watoto wa nyumba moja Kilimani hulisubiri kosa hilo kama mpira wa penalti. Jina linalokupa sentensi nzuri kila siku ni jina la kuweka.

Ukishalipata, mfundishe kwa siku chache kabla hujamtangazia mtu. Kata maini ya kuchemsha vipande vidogo kama punje za mahindi. Taja jina mara moja tu, akikutazama mpe. Dakika tano, mara tatu kwa siku. Usilitaje ukimkaripia. Na tafadhali, usimwite kwa jina lake ili nimkamate nimnyoe! Wengi hufanya hivyo, na baada ya mwezi jina limekuwa na maana moja na mashine: akilisikia anaingia chini ya kochi. Nikija, mfuate alipo umbebe kimya kimya.

Mbwa mkubwa aliyekuja na jina la zamani hubadilika pia. Wangu aliachwa na wateja waliohamia ng'ambo, na alikuwa anaitwa Champagne. Siwezi kuita Champagne Kawangware, watu watakuja na gilasi. Nikawa nayataja yote mawili, la zamani likitangulia: "Champagne, Dimbwi," maini. Siku ya tano nikaanza kuliacha la kwanza mara mojamoja. Siku ya kumi na mbili niliita Dimbwi tu, akageuka.

Wiki hiyo nikampeleka chanjo ya kichaa cha mbwa. Daktari akashika kalamu juu ya kadi, akauliza jina, nikamwambia. "Dimbwi la maji?" Nikasema ndiyo, la maji. Huko nje mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri, na Dimbwi alikuwa amepitia kila shimo la barabarani kati ya stendi ya matatu na mlango wa daktari. Akajikung'uta pale pale, kadi ikalowa, na wino wa jina lake umetawanyika mpaka leo.