Utani wa mdomo, si wa mkono: namna ya kuzuia mizaha ya hatari saiti

Saiti isiyo na utani haipo, na kwa Tanga usihangaike kuitafuta. Kikosi kimoja kinachopandisha ghorofa Chumbageni kinaweza kuwa na Mdigo, Msambaa, Mbondei, Mzigua na Mpare, na utani wao ni mkongwe kuliko nyumba yoyote wanayoijenga. Ukiwakataza watu kucheka kuanzia asubuhi hadi jioni chini ya jua la kaskazi, watakupuuza, na wakishazoea kukupuuza kwa hilo watakupuuza hata kwenye mkanda wa usalama. Kwa hiyo hapa hatukatazi kicheko. Tunaweka mpaka mmoja ambao hata kijana aliyeanza kazi jana anaushika: utani ubaki mdomoni. Ukishagusa mwili wa mwenzio, kifaa anachotumia au njia anayopita, huo si utani tena.

Miradi mikubwa, kama ule wa bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, ina maofisa usalama wa kufuatilia mambo haya. Maelezo haya ni ya fundi mkuu na msimamizi wa saiti ndogo, ile yenye mikisa moja ya kuchanganyia zege, winchi moja ya kupandishia mizigo na mirunda (miti ya kusimamishia jukwaa) ya kukodi.

Juu ya jukwaa

Mzaha unaoleta maafa zaidi hauna kifaa chochote: ni kumtekenya mtu ubavuni, kumpigia kelele sikioni kwa nyuma, au kumvuta suruali akiwa juu. Mwili ukishtuka haumsubiri mwenyewe aamue. Magoti yanalegea, mikono inaachia ilichoshika, mtu anarudi nyuma hatua moja. Chini, hatua hiyo ni kicheko. Kwenye jukwaa la mbao tatu, hatua hiyo haina pa kukanyaga. Na anayeandamwa siku zote ni yule mwepesi wa kushtuka, kwa kuwa ndiye anayechekesha zaidi. Mjue mtu huyo kwenye kikosi chako, na uwaambie wenzake wazi kwamba haguswi.

Jukwaa lenyewe lijengwe ukijua kwamba kuna siku mtu atashtuka. Weka mrunda wa kuzuia kwenye usawa wa kiuno, mita moja hivi kutoka kwenye mbao za kukanyagia, na mwingine katikati. Ukingoni pigilia ubao uliosimamishwa wima wenye kimo cha sentimita 15 ili nyundo iliyopigwa teke isidondoke. Mbao za kukanyagia zifungwe, kwa sababu kuna mchezo wa kukanyaga ncha ya ubao ili aliye upande wa pili arushwe juu.

Kutikisa ngazi mtu akiwa katikati, na kuiondoa ili abaki juu wakati wenzake wanakwenda kunywa chai, yote mawili yana dawa moja. Ifunge ngazi juu kwa kamba au kwa waya wa kufungia nondo, ipite ukingo kwa mita moja, na mguu wake ukae mita moja mbali na ukuta kwa kila mita nne za kimo. Ngazi iliyofungwa haitikisiki kirahisi, na anayetaka kuiondoa itabidi apande kwanza kuifungua, jambo ambalo humpa nafasi ya kufikiri.

Kuhusu kurushiana nyundo na koleo: nyundo ya kilo moja ikidondoka mita 9, yaani kama ghorofa tatu, inafika chini kwa sekunde 1.4 hivi ikiwa na mwendo wa kilomita 48 kwa saa. Ukipiga kelele "Angalia!", aliye chini anainua uso. Vifaa vipandishwe kwa ndoo na kamba, na aliye chini asogee pembeni kwanza. Winchi nayo ni ya zege na tofali tu. Mtu hapandi, hata kwa dau la soda. Kamba yake husagika taratibu na breki yake huchoka bila kutangaza.

Jambo moja la kumalizia: nondo za nguzo zinazochomoza. Aliyesukumwa kidogo tu anaweza kuzikalia. Pindeni ncha zake, au mzifunike kwa vipande vya mbao kabla watu hawajaanza kazi karibu nazo.

Mashine

Mikisa ya dizeli inayowashwa kwa hendeli ina ulinzi mzuri ambao wengi hawautumii: hendeli yenyewe. Anayeingiza kichwa au mkono kwenye pipa kukwangua zege lililogandia aingie na hendeli yake, asimwachie mtu. Kama ni ya umeme, plagi ichomolewe na ilale mbele ya macho yake. Ule mzaha wa kuiwasha kidogo tu ili ashtuke unavunja mkono, kwa sababu pipa halina kidogo tu. Likianza kuzunguka linamvuta aliyemo kabla aliyeiwasha hajaizima.

Grenda, mashine ya diski ya kukatia nondo, ni vivyo hivyo. Diski inabadilishwa plagi ikiwa nje, si swichi ikiwa imezimwa. Diski ya milimita 230 ukingoni hukimbia karibu mita 80 kwa sekunde, na mtu akisukumwa kiwiko wakati inakata nondo, diski inaweza kubana na kupasuka. Yeyote anayekata apewe nafasi ya mita mbili kila upande. Chora duara kwa chokaa kama hawaelewi.

Kompresa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, eti ni upepo tu. Watu huelekezeana mpira wa hewa usoni, na wengine huuelekeza makalioni juu ya suruali. Kompresa ya mashine ya kuvunjia zege hutoa shinikizo la baa 7 hivi, yaani PSI 100. Tairi la gari dogo lina PSI 30 na ushee. Utumbo wa binadamu hupasuka chini ya PSI 5, na hewa hiyo hupenya nguo kwa sekunde moja au mbili. Aliyefanyiwa hivyo akalalamika tumbo kujaa na kuuma, asipewe soda wala dawa ya gesi. Apelekwe hospitali saa ileile, na daktari aelezwe ukweli bila haya, maana aibu ya kusema ndiyo inayowachelewesha wengi. Hewa hiyo isitumiwe hata kupunga vumbi kwenye nguo.

Vitu vidogo vinavyochukuliwa kuwa ni kicheko tu

Zege bichi ndani ya buti la mwenzio: saruji iliyolowa ni kali kama magadi makali, na haiumi mwanzoni. Mtu anashinda nayo hadi jioni, akivua buti ngozi inatoka. Vua, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, usipake limao wala siki. Ikiingia jichoni, dakika 20 hizohizo kisha hospitali.

Petroli, tina ya kuyeyushia rangi au maji ya betri kwenye chupa ya maji ya kunywa ni hatari hata pasipo mzaha, kwa sababu mwenye kiu hanusi kwanza. Weka kwenye galoni lenye rangi, mbali na mahali mama ntilie anapoweka vyombo. Aliyekunywa asitapishwe.

Kukimbizana na toroli kwenye ubao wa njia: likijaa lita 60 za zege ni kilo 140 na zaidi. Mbio hizo zipigwe marufuku bila mjadala.

Saa za kuziangalia

Mzaha wa mkono hauzuki ovyo. Huja watu wakingoja: lori la mchanga limechelewa kutoka machimboni, umeme umekatika, zege la juu limemalizika saa nane na malipo ni saa kumi. Jumamosi ya malipo ni siku nzito. Kwa hiyo kila asubuhi fundi mkuu awe na kazi mbili za akiba zisizo na haraka: kung'oa misumari kwenye mbao za zamani, kukunja ringi za nondo, kupanga tofali. Ramadhani, zege lianze alfajiri na kazi za juu ziishe kabla ya adhuhuri, maana mtu mwenye kiu hukasirika upesi, na jibu la mzaha linakuwa ngumi.

Simu nazo zina mchango. Siku hizi mizaha mingi hufanywa ili irekodiwe. Kanuni ya kutorekodi watu wakiwa kazini itapunguza mizaha mingi kuliko hotuba yoyote.

Kijana mpya

Saidia fundi mgeni ndiye huonewa kwa kisingizio cha kumzoesha kazi. Kutumwa akatafute kitu kisichokuwepo hakumdhuru. Kupandishwa juu bila mkanda ili aonekane mwanaume kunamdhuru. Mkabidhi kwa fundi mmoja mtu mzima kwa wiki mbili, na fundi huyo ajibu kwa lolote litakalompata. Kijana aambiwe mbele ya wote: "Mwanangu, ukiambiwa fanya kitu juu ukaona hakikukai vizuri, shuka uniulize. Hakuna atakayekucheka."

Anayevunja mpaka

Mara ya kwanza, mshushe chini akafanye kazi ya chepe siku nzima. Fundi wa juu hulihisi hilo kuliko kelele. Mara ya pili aondoke saiti siku hiyo. Usikate ujira kiholela. Mwenye mkataba asikilizwe na iandikwe, kama taratibu za ajira zinavyotaka. Na fundi mkuu mwenyewe akitania kwa mkono, yote haya yamekufa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inampa mfanyakazi pia wajibu wa kutowahatarisha wenzake, si mwajiri peke yake.

Likishatokea

Aliyeanguka asiinuliwe wala kukalishwa. Mshikilieni kichwa kisigeuke hadi apatikane wa kumbeba akiwa amelala kwenye ubao. Nondo iliyomchoma mtu haichomolewi, inakatwa kwa nje akiwa ametulizwa. Aliyenaswa na umeme haguswi kabla swichi kuu haijazimwa. Zimamoto ni 114. Gari la kumfikisha hospitali ya Bombo lijulikane tangu asubuhi, na namba ya dereva iandikwe kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo.

Kisha andika kilichotokea jinsi kilivyotokea. "Aliteleza" ndilo neno linaloficha nusu ya mizaha, na linamnyima aliyeumia maelezo sahihi kwa daktari na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Taarifa ya ajali ifike pia OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Kesho yake, kabla mikisa haijawashwa, waambie wote ni mchezo gani ulifanyika, ulifanyika wapi, na onyesha kwa kidole kilichobadilishwa: kamba mpya kwenye ngazi, mrunda ulioongezwa, hendeli ilipohamishiwa.