Kabla ya kumlipa mwalimu wa pool

Anayewafunga wote mezani si lazima awe mwalimu mzuri. Wengi wao hucheza kwa mazoea, ukiwauliza mpira mweupe umerudije nyuma watakwambia "piga tu hivi".

Omba somo moja la majaribio, kisha mtazame yeye kabla hajakutazama wewe. Mwalimu wa kweli hukuacha ucheze kwanza, akazunguka kuona miguu yako imesimamaje, mkono wa mbele umeshikaje fimbo, na kama kichwa kinainuka wakati wa kupiga. Mara nyingi atakurudisha kwenye pigo la mstari ulionyooka: mpira mweupe ugonge mwenzake na usimame palepale. Mpira huo mweupe ukiyumba kando, hukuupiga katikati, au mipira miwili haikugongana uso kwa uso. Linachosha, lakini hapo ndipo makosa yanapojificha.

Anayeanza na mbwembwe za kuzungusha mpira, mimi ningemwacha. Vilevile anayekurekebisha mambo sita kwa mpigo. Moja au mawili yanatosha, pamoja na zoezi la kufanya peke yako. Muulize pia kama anaruhusu kurekodi video kwa simu.