GMAT kwa Anayebeba Boksi: Anza na Kalenda, Vitabu Baadaye

Mtu akikuambia ameanza kusoma GMAT, mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili ya biashara (MBA), muulize anaomba shule gani na tarehe ya mwisho ni lini. Wengi hawana jibu, ila vitabu wameshanunua. Kwa anayekaa nyumbani kwa wazazi hilo linavumilika. Wewe unayebeba boksi usiku Minnesota, unayehudumia wazee Leeds au unayekaa mapokezi ya hoteli Doha, mtaji wako ni muda, tena mdogo. Ndiyo maana tunaanza na kalenda.

Shule nyingi za Marekani hupokea maombi kwa awamu: ya kwanza karibu Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari, ya tatu kuelekea Machi au Aprili. Mgeni anayehitaji viza na msaada wa ada asiitegemee awamu ya tatu, maana nafasi na fedha vimeshagawiwa sana kufikia hapo. Ukilenga Januari, mtihani uwe umekwisha Oktoba, ili Novemba na Desemba zibaki kwa insha za maombi na kwa kuwakumbusha mabosi wako waandike barua za mapendekezo. Acha pia nafasi ya kurudia: sheria inataka zipite siku 16 kati ya mtihani mmoja na mwingine, na huwezi kuufanya zaidi ya mara 5 ndani ya miezi 12. Mwenye kazi ya kutwa ajipe miezi minne hivi ya kusoma. Hesabu kurudi nyuma, utaona unapaswa kuanza Mei. Ulaya ratiba hutofautiana. INSEAD, shule ya biashara ya Ufaransa, kwa mfano, ina wanafunzi wanaoanza Januari na wengine Agosti. Soma tovuti ya shule yenyewe, usimsikilize binamu.

Hakikisha pia ni GMAT unayoitaka. Shule kubwa nyingi, Harvard na Stanford zikiwemo, zinapokea vilevile GRE, mtihani mwingine wa kuingilia masomo ya uzamili. GRE ilifupishwa Septemba 2023, sasa haifiki saa mbili. Ina insha moja, inakupa kikokotoo kwenye hesabu, lakini inapima msamiati mgumu wa Kiingereza cha vitabuni. GMAT haina insha wala haikuulizi msamiati kwa namna hiyo, ila kwenye sehemu yake ya hesabu unapiga kwa mkono. Mitihani yote miwili ina majaribio rasmi ya bure mtandaoni. Fanya moja la kila upande, kwa muda halisi, kabla hujasoma chochote, kisha fuata ule uliokuwia rahisi zaidi. Kwa maoni yangu, aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) au uhasibu, na Kiingereza chake ni cha kazini zaidi kuliko cha riwaya, GMAT humfaa. Mwenye miaka mingi ya uongozi anayetaka Executive MBA, yaani MBA ya viongozi walio kazini, aulize kwanza kuhusu Executive Assessment, mtihani wa dakika 90 tu. Wapo wanaojitesa na GMAT bure.

GMAT ya sasa ilianza Novemba 2023 na ile ya zamani ikafungwa mapema 2024. Ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, kusoma na kupima hoja maswali 23, na uchambuzi wa data maswali 20. Unachagua mwenyewe uanze na ipi, na kuna mapumziko ya dakika 10. Alama ni kuanzia 205 hadi 805. Kwa hiyo kaka akikwambia bila 700 usijisumbue, anazungumzia mtihani uliokufa. 645 ya leo inasimama takriban pale iliposimama 700 ya zamani. Angalia na vitabu vya mtumba. Kikiwa na sura ya kusahihisha sarufi, ya insha, au ya kutafuta eneo la pembetatu na duara, mrudishie mwenyewe.

Hesabu zenyewe si ngeni. Ni uwiano, asilimia, mwendo, aljebra, namba tasa. Mambo ya kidato cha nne. Tofauti ni kwamba una dakika mbili na sekunde chache kwa kila swali, na kompyuta hukupa swali kulingana na ulivyojibu yaliyotangulia. Ukijibu vizuri yanakuwa magumu, kwa hiyo usione magumu ukadhani unafeli. Swali likikaza, chagua jibu, liwekee alama, songa mbele. Mwisho wa sehemu unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu matatu. Kuacha maswali ya mwisho bila kujibu kunakushusha vibaya kuliko kukosea.

Panapowamaliza wengi wetu ni kwenye uchambuzi wa data, hasa aina moja ya swali ambayo shuleni hatukuwahi kuiona. Hawakuombi jibu. Wanakupa swali na taarifa mbili, halafu wanauliza kama taarifa hizo zinatosha kujibu. Chukua mfano huu wa kwetu:

Je, Juma alituma nyumbani zaidi ya dola 500 mwaka huu?
Taarifa ya kwanza: alituma mara 4, na hakuna mara aliyotuma chini ya dola 120.
Taarifa ya pili: kila mara alituma kiasi kilekile, na kiasi hicho kinagawanyika kwa 50.

Ya kwanza peke yake inatupa angalau dola 480. Huenda amevuka 500, huenda hajavuka. Haitoshi. Ya pili peke yake haisemi alituma mara ngapi. Labda mara moja dola 50, labda kila mwezi. Haitoshi. Ziunganishe: kiasi kinachogawanyika kwa 50 na kisichopungua 120 kinaanzia 150, na mara 4 ni 600. Amevuka 500, bila shaka. Zote mbili kwa pamoja zinatosha, na hilo ndilo jibu. Kumbuka kwamba mpaka sasa hatujui Juma alituma ngapi. Hatukuulizwa. Sisi tuliozoeshwa kuonyesha njia mpaka jibu la mwisho, lililopigiwa mstari chini yake, huendelea kupiga hesabu ambayo hakuna aliyeiomba, na dakika zinakwenda. Chaguo za majibu ni zilezile tano kila mara: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zote kwa pamoja, yoyote kati yake, au hata zote hazitoshi. Zikariri mpaka usizisome tena.

Kwenye kupima hoja, shida si Kiingereza bali haraka. Wanasema: kampuni ya kutuma pesa ilipunguza ada, wateja wakaongezeka, kwa hiyo punguzo ndilo lililowaleta. Nini kinadhoofisha hoja? Kwamba mshindani wake alifunga ofisi mwezi huohuo. Sio kwamba ada bado ni kubwa, ingawa kauli hiyo ni ya kweli na inakera. Njia ninayoipenda ni kusoma hoja kwa Kiingereza, kisha kujisimulia kwa Kiswahili kwa sentensi moja, kama unamweleza shangazi. Ukishindwa kumweleza shangazi, hujaielewa. Rudi juu kabla hujagusa majibu.

Kusoma kwa mtu wa zamu kuna utaratibu wake. Ukitoka zamu ya usiku usianze mada mpya, utakariri tu ukungu. Saa hizo zifae daftari la makosa: kila swali ulilokosa, andika sababu halisi. Hukuijua kanuni? Uliijua ukasoma vibaya? Muda ulikwisha? Baada ya wiki tatu daftari litakuonyesha sababu moja inayojirudia, na hiyo ndiyo ya kushughulikia. Mada nzito ziwekee siku ya mapumziko, na jaribio kamili lifanye saa ileile utakayofanyia mtihani. Kozi za kulipia zisubiri mpaka majaribio rasmi yakuonyeshe pengo. Ada ya mtihani wenyewe inakaribia dola 300, tayari si haba.

Sasa jina, maana hapa watu wamerudishwa mlangoni. Jina ulilojisajili nalo lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu, cheti cha kidato cha nne kinasema Mohamedi, pasipoti Mohamed, na kazini wanakuita kwa jina la babu. Fuata pasipoti, na kama muda wake unakaribia kwisha, anza kuihuisha ubalozini kabla ya kulipia. Mliofunga ndoa mkabadilisha jina, ni hivyohivyo.

Unaweza kufanyia mtihani nyumbani, ila kwa anayepanga chumba na wenzake sishauri. Chumba kiwe chako peke yako, meza tupu, kamera ikikutazama muda wote. Mwenzako akifungua mlango kuulizia chumvi, mtihani unaweza kufutwa. Kituoni watakukagua kiganja, watakupa daftari la plastiki na kalamu ya maka. Fanyia mazoezi kwenye kitu kinachofanana nalo.

GMAT haichukui nafasi ya mtihani wa Kiingereza. Shule nyingi zitakudai TOEFL au IELTS, na alama zake hudumu miaka 2 wakati za GMAT hudumu 5. Baadhi zinakusamehe kama shahada yako ilifundishwa kwa Kiingereza, lakini zinataka barua ya chuo. Barua hiyo iombe leo, huku ukiendelea kusoma. Mtume ndugu aliye karibu na chuo akiwa na nakala ya cheti chako na barua ya kumruhusu, apite ofisi ya msajili, na arudi tena wiki inayofuata kuulizia.