Kuchora grafu ya Corona ya Kenya bila tarehe kukuharibia kazi

Jumapili binamu yangu alikuja kwangu Umoja na laptopu, anasomea afya ya jamii na amepewa kazi ya kuonyesha vile Corona ilienea Kenya 2020. Grafu yake ilikuwa imekatika katika, panda shuka kama meno ya msumeno. Nilijua shida hapo hapo kwa sababu mimi pia ilishanikesha usiku mzima nikilaumu data.

1. Data. Chukua faili la Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, la jumla ya visa vilivyothibitishwa hadi kila siku, bado liko GitHub, tovuti ya kuhifadhi faili. Linaanza 22 Januari 2020, likaacha kuongezwa 10 Machi 2023. Liweke Google Sheets lakini USILIFUNGUE kabla ya kusoma hatua ya pili. Bakisha mstari wa Kenya, ugeuze usimame wima kwa TRANSPOSE.

2. Tarehe, hapa ndio kuna kazi. Wamarekani huandika mwezi kwanza, sisi siku kwanza. Kwa hivyo 4/5/20 kwao ni Aprili 5, sheet yako ikiwa imesetiwa Kenya itasoma Mei 4. Ile ya Mei 4 nayo inahamia Aprili 5, nambari zinabadilishana viti na hakuna mahali utaona eraa. Sasa 3/13/20 haiwezi kusomeka, hakuna mwezi wa 13, hiyo inabaki maandishi tu. Angalia kolamu: tarehe ya kweli huegemea kulia, maandishi huegemea kushoto, ukiona mchanganyiko jua umeumia, siku 12 za kwanza za kila mwezi karibu zote ziko mahali si pake.

Dawa: fungua sheet tupu, ingia File, Settings, kwa Locale (nchi) weka United States, NDIO sasa ulete faili. Ukibadilisha baada ya kuleta haisaidii, zile zilizosomwa vibaya zinabaki vibaya, zinabadilika sura tu. Futa uanze upya. Usijaribu kurekebisha moja moja kwa mkono kama binamu yangu, alikuwa amefika Juni na ameharibu hata zilizokuwa sawa. Kama unajua R, ile programu ya takwimu, tumia mdy() ya lubridate inayosoma mwezi kwanza na usisumbuke, mimi kazi ikiwa kubwa siendi kwingine.

Halafu hakikisha: kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa na Mutahi Kagwe, waziri wa afya wa wakati huo, 13 Machi 2020, kwa hivyo hapo lazima uone 1 na siku iliyotangulia 0. Kutoka hapo jumla isishuke.

3. Visa vya kila siku. Jumla ya leo toa jumla ya jana.

4. Wastani wa siku saba. AVERAGE ya siku saba, buruta hadi chini. Wikendi vipimo na ripoti hupungua kwa hivyo ukichora siku moja moja utadhani ugonjwa unapumzika Jumapili.

5. Chora laini ya wastani huo. Laini, tafadhali, si ile ya duara kama chapati, duara haionyeshi muda. Kando yake chora jumla kwa skeli ya logi, yaani ngazi za 10, 100, 1,000, kila moja mara kumi ya iliyotangulia. Hapo laini ikinyooka maana yake visa vinaongezeka maradufu kwa muda ule ule, ikianza kulala kasi inapungua. Kujua vinakuwa maradufu kwa siku ngapi gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la siku: 10% kwa siku ni kama siku 7.

6. Vipimo. Hapa naomba usiruke. Visa vikipanda inaweza kuwa tu watu wengi wamepimwa, na vikishuka inaweza kuwa vifaa vya kupima vimeisha. Gawanya visa kwa vipimo vya siku hiyo, uchore kando. Mei 2020 WHO walisema asilimia hiyo ikae chini ya 5 kwa wiki mbili, ikiwa juu sana kuna wagonjwa wengi hamjawafikia.

7. Alama za matukio. Weka mstari 27 Machi kafyu ilipoanza, na 6 Aprili kuingia na kutoka Nairobi kulipofungwa. Usitegemee laini ikunjike siku hiyo hiyo. Dalili huchukua kama siku tano, zinaweza kufika 14, halafu mtu apimwe, majibu yarudi. Tazama wiki mbili mbele ya kila mstari, na hata hapo uandike tu kwamba vilifuatana, kafyu haikuwa kitu pekee kilichobadilika mwezi huo.

Binamu amerudia kutoka hatua ya pili, ametumia kama dakika arobaini, na msumeno umeisha.