Farasi dume wa ukoo bora kwa kazi ya ranchi: kumchagua, kumfunza na kumpandisha hapa Lubumbashi

Mtu akinipigia simu kuhusu dume anayetaka kumnunua, huanza na ukoo: babu yake nani, mama yake alishinda wapi. Mimi huuliza kwanza kama dume huyo hutulia kwenye kamba ya mtu mmoja jike anapopita mbele yake. Asipotulia, hakuna mchungaji atakayemtandika asubuhi kwenda kukusanya ng'ombe, na dume wa ranchi asiyefanya kazi ni mdomo wa kulisha tu. Haya ninayaandika kwa wenye mashamba upande wa Kipushi, Likasi na barabara ya Kasumbalesa.

Hatua ya 1: Karatasi, kisha mwili

Kama ni Quarter Horse, farasi wa Marekani wa kazi ya ng'ombe, cheti cha ukoo hakitoshi. Dai kipimo cha jeni. Nywele chache za shingoni zilizong'olewa na mizizi yake zinatosha maabara. Tazama hasa HYPP, ugonjwa wa misuli wa kurithi, uliotokana na dume maarufu Impressive, aliyezaliwa 1969. Misuli hutetemeka, mnyama hulegea hata kuanguka, na mzazi mmoja tu mwenye jeni hiyo anatosha kumrithisha mtoto. Ulienea kwa sababu watu walipenda misuli minene, kwa hiyo muuzaji akikusifia mapaja tu, omba cheti.

Halafu mshike mwenyewe. Korodani zote mbili ziwe zimeshuka, miguu iwe imenyooka, kwato ziwe ngumu. Ikikosekana moja ya hizo, mhasi bila huruma. Maksai mzuri hufanya kazi miaka mingi na hakuvunjii uzio.

Hatua ya 2: Chanjo na chakula

Tauni ya farasi ndiyo adui wetu mkubwa. Huletwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na huzidi mvua zikikolea. Panga chanjo na daktari wa mifugo wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba. Sababu ya pili ya kuchanja mapema ni mbegu ya dume: homa yoyote, hata ile ndogo ya chanjo, inaweza kuidhoofisha, na mbegu mpya huchukua karibu siku 60 kukomaa. Usiku dume alale bandani, madirisha yawe na wavu wa matundu madogo sana.

Pumba za mahindi zinapatikana kwa bei nafuu kila penye mashine ya unga wa bukari (ugali), lakini zisiwe chakula kikuu. Zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mifupa ya farasi hulipa deni hilo, kuanzia ya uso. Mahindi yenye ukungu ni mabaya zaidi: sumu yake huozesha ubongo. Gunia lililolowa, ambalo mtu anakwambia "hilo wape wanyama tu," lisivuke mlango wa banda.

Hatua ya 3: Adabu, kisha tandiko

Mzoeze kamba na kuinua miguu tangu akiachishwa kunyonya. Akifika mwaka mmoja, mtenge na majike. Usimlishe vitamu mkononi. Madume huuma kwa mazoea, na mazoea huanzia hapo. Akijaribu kuuma, mrudishe nyuma hatua kadhaa upesi, kisha endelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kumpiga mdomoni humfundisha mchezo wa kuvizia.

Tandiko jepesi akifika miaka miwili, vipindi vifupi. Kazi nzito ingoje. Kamba ya kunasia ng'ombe aizoee ikiburutwa chini, kushoto na kulia, kabla ya mtu kuirusha akiwa juu yake. Kisha mpe ng'ombe mmoja mtulivu ndani ya zizi, amfuate polepole.

Hatua ya 4: Siku ya kupanda jike

Hapa ndipo dume hufunzwa au huharibiwa. Weka hatamu moja ya kupandia majike tu, tofauti kabisa na ya kazi, na sehemu moja ya kupandia majike, mbali na pale unapomtandika. Baada ya muda, akivishwa hatamu ya kazi hata mbele ya majike kumi, anajua leo ni ng'ombe.

Mpime jike kwanza kwa kumleta dume ng'ambo ya ubao imara. Jike aliye tayari huinua mkia, huachanisha miguu na kukojoa kidogo kidogo. Asiye tayari hupiga mateke na masikio yakilala nyuma. Joto, yaani siku jike anapokubali dume, huchukua siku 5 hadi 7, na yai hutoka karibu na mwisho wake, basi mpandishe kila baada ya siku moja kuanzia siku ya tatu.

Funga mkia wa jike kwa bendeji, muoshe kwa maji safi. Wanaowashika wote wawili wasimame kushoto, ili wakirudi nyuma wavute upande mmoja. Dume asikaribie kwa kukimbia. Akivuta, mzungushe, aanze tena. Akisha kupanda, tazama mkia wake: ukipigapiga juu na chini, mbegu imetoka. Usipopiga, hajamaliza, hata kama ameshuka mwenyewe.

Dume wa miaka mitatu mpe majike wachache msimu wa kwanza. Siku ya 14 hadi 16 daktari mwenye mashine ya picha ataona mimba, na kama ni pacha atashughulikia mapema. Huna mashine? Mrudishe jike kwenye ubao kuanzia siku ya 18, uone kama amerudi kwenye joto. Mimba huchukua karibu siku 340: jike aliyepandwa mwanzoni mwa Desemba atazaa mapema Novemba, majani mapya yakianza kuota.