Amoksisilini: jinsi ya kulinganisha bei kabla ya kulipa

Unaponunua amoksisilini (antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria), usilinganishe boksi kwa boksi, linganisha dozi nzima. Cheti kikisema miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa siku 5, unahitaji kapsuli 15 za 500 au 30 za 250. Uliza bei ya kapsuli moja, kisha zidisha. Za 250 zinaweza kukugharimu zaidi, maana unalipia kapsuli na ufungashaji mara mbili.

Dawa ya maji ya watoto ndiyo inayowachanganya wengi. Chupa ya mililita 100 iliyoandikwa miligramu 125 kwa mililita 5 ina miligramu 2,500 za dawa. Iliyoandikwa 250 ina 5,000. Mtoto aliyeandikiwa miligramu 250 mara mbili kwa siku, siku 5, anaimaliza ya kwanza yote. Ya pili anatumia nusu, na nusu inamwagwa, kwa sababu ikishachanganywa na maji haikai zaidi ya wiki moja au mbili (fuata lebo). Kwa hiyo ulizia vidonge vya 250 vinavyoyeyuka kwenye maji, ambavyo Shirika la Afya Duniani (WHO) linavipendekeza kwa nimonia ya watoto. Hapo vinatosha 10, havitaki friji, na kuvisafirisha ni rahisi kuliko chupa.

Kwa nini bei hutofautiana wakati dawa yenyewe iko sokoni tangu 1972 na hataza yake (haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake) ilishakwisha? Malighafi yake hutengenezwa kutokana na penisilini, nyingi ikitoka China, na hulipiwa kwa dola. Shilingi ikishuka, bei inapanda. Tena penisilini hutakiwa kutengenezwa kwenye jengo lake pekee, kwa kuwa vumbi lake likiingia kwenye dawa nyingine linaweza kumdhuru mwenye mzio. Bohari ya Dawa Tanzania na KEMSA, mamlaka ya ugavi wa dawa ya Kenya, hununua kwa wingi kwa ajili ya vituo vya umma. Ya famasi binafsi hupitia kwa mwagizaji na muuza jumla, na kila mmoja huweka faida yake.

Amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, inayoikinga isiharibiwe na bakteria, ni ghali kwa sababu asidi hiyo huharibiwa na unyevu: hutaka chumba kikavu kiwandani na karatasi nzito ya alumini. Kidonge cha 625 ni amoksisilini 500 na asidi hiyo 125. Usikibadilishe kwa kapsuli ya 500 ili kuokoa pesa bila kumuuliza aliyekuandikia, maana wapo bakteria wanaoiharibu amoksisilini ikiwa peke yake. Ila muulize kama ya kawaida ingetosha. Mara nyingi inatosha.

Pesa ikipungua, usikate dozi. Mwambie mfamasia: “Nipe dawa hiihii, nguvu ileile, ya kiwanda cha bei nafuu.” Kapsuli zinazohesabiwa kutoka kopo la 1,000 huwa za bei nafuu zaidi, lakini bahasha unayowekewa haina maelezo. Omba uone kopo lenyewe, kisha andika kwenye bahasha namba ya toleo na tarehe ya kwisha muda.