Jinsi ya kuomba kuahirisha masomo chuoni, kuanzia mlangoni kwa mshauri wako

Karibu kila darasa la chuo lina mtu aliyetoweka. Wiki ya kwanza wenzake wanaulizana, wiki ya nne wameacha kuuliza, na matokeo yakibandikwa unakuta kadisko, yaani amefutiwa masomo. Ukifuatilia, unakuta alikuwa na sababu ambayo chuo kingeielewa: ujauzito mgumu, mzazi kalazwa, ada imekwama. Tatizo ni kwamba hakuaga. Nilikuwa CR, yaani mwakilishi, wa darasa letu, nikawasindikiza wenzangu kadhaa kwenye ofisi hizi, na ninayoyaeleza hapa yanahusu zaidi vyuo vikuu vya Tanzania. Kanuni hutofautiana kidogo chuo kwa chuo, kwa hiyo uwe na kitabu cha kanuni cha chuo chako mkononi.

Anza kwa mshauri wa masomo. Usimchanganye na Mshauri wa Wanafunzi, maana majina yanafanana na watu hupoteza siku nzima kwenye foleni isiyo yao. Mshauri wa Wanafunzi ni ofisi ya malazi, ustawi na nidhamu. Mshauri wa masomo ni mwalimu wa idara yenu aliyepangiwa kundi lenu. Wengi hawamjui mpaka mwaka wa tatu. Kama wewe ni mmoja wao, muulize karani wa idara, kwa kawaida ana orodha.

Usiende mikono mitupu. Chapa matokeo yako ya semesta zote, andika masomo ya semesta hii, na kando ya kila somo weka alama ulizokwisha kupata kwenye majaribio na kazi za darasani. Kisha, badala ya kusema “Shikamoo Dokta, naomba unisainie hapa,” muulize: “Dokta, kwa hali yangu, niahirishe nini?”

Swali hilo lina uzito kuliko barua yenyewe, kwa sababu kuna kuahirisha mtihani, kuahirisha semesta na kuahirisha mwaka mzima, na kila kimoja kina gharama yake. Chukua somo ambalo kazi za darasani zina alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Umeshapata 28, halafu unaugua wiki moja kabla ya mitihani. Ukiomba kuahirisha mtihani ukakubaliwa, ile 28 inabaki, na unafanya mtihani maalumu baadaye, mara nyingi wakati wenzako wanafanya sapu, yaani mtihani wa marudio wa waliofeli. Mtihani huo unahesabiwa kama wa mara ya kwanza, hivyo A bado iko mezani. Ila ukijikaza ukaingia na homa ukafeli, unakwenda sapu, na sapu kwa kawaida haivuki C. Kwenye kipimo cha GPA (wastani wa pointi zako) ya 5, A ni pointi 5 na C ni 2. Somo likiwa na krediti 12 (uzito wake), umepoteza pointi 36. Zigawe kwa krediti 120 za mwaka, GPA ya mwaka huo imeshuka kwa 0.3. Mwenye 3.6 anabaki na 3.3, yaani ametoka daraja la pili la juu akaangukia la chini, kwa somo moja tu. Na ukishaketi kwenye chumba cha mtihani, ni vigumu mno kurudi kesho yake kudai kwamba ulikuwa mgonjwa.

Semesta nayo ina mtego. Masomo mengi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Ukiahirisha semesta ya kwanza ukidhani utaingia ya pili, unaweza kukuta masomo yake yanadai uwe umefaulu yale uliyoyaacha. Mwambie mshauri akuchoree ramani: nikiondoka leo, narudi lini, na namaliza lini? Kanuni zina kikomo cha miaka ya kuahirisha na cha kumaliza shahada.

Mkishakubaliana, tafuta ushahidi. Cheti cha hospitali ya nje mara nyingi hutakiwa kithibitishwe na kituo cha afya cha chuo, kwa hiyo pita pale mapema. Kwa msiba au ada, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, yenye muhuri, husaidia.

Halafu barua, au fomu ndani ya mfumo wa wanafunzi kama ARIS ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vyuo vingi huipokea kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni uleule: jina, namba ya usajili, programu na mwaka, kisha “YAH: MAOMBI YA KUAHIRISHA MASOMO”. “Husika na kichwa cha habari hapo juu” inatosha mara moja, usiirudie kila aya kama kibwagizo. Taja unachoahirisha, sababu kwa sentensi mbili tatu, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na viambatisho. Hadithi ndefu ya ukoo mwachie mshauri. Yeye ndiye atakayeandika maoni yake, na maoni ya mtu anayekufahamu hayafanani na ya anayeuona uso wako kwa mara ya kwanza.

Barua hupita kwa mkuu wa idara, kisha kwa amidi au rasi wa ndaki, yaani mkuu wa kitivo chenu au wa kundi la idara zenu, hadi ofisi ya taaluma. Weka nakala, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na ifuatilie kila wiki. Barua ya mwenzangu mmoja ililala chini ya faili siku 19 kwa sababu kila mtu alidhani imeshapanda juu. Mpaka upate jibu la maandishi, wewe bado ni mwanafunzi unayetakiwa darasani.

Kwa wenye mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu: peleka nakala ya kibali kwa afisa mikopo wa chuo kabla hujafunga begi. Usisaini bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, la kipindi ambacho haupo. Ni pesa utakayotakiwa kuirudisha, na huleta maswali siku ya kuomba mkopo ufunguliwe tena. Kuhusu ada uliyokwisha lipa, uliza uhasibu kama itahamia mwaka ujao, na wakuandikie.

Kurudi nako kunaombwa. Andika barua ya kurejea wiki kadhaa kabla ya semesta kufunguliwa. Aliyeahirisha kwa ugonjwa huambatisha cheti cha daktari kinachosema amepona. Mpe taarifa afisa mikopo siku ileile. Kisha rudi kwa mshauri na ramani yenu ya zamani, kwa sababu ndani ya mwaka mtaala unaweza kubadilika: somo ulilokuwa unadaiwa limepewa namba mpya, au limeunganishwa na jingine. Pitieni mstari kwa mstari kabla hujasajili masomo.